Tasnifu Uliyoifunga, Dada

Dada Zuhura,

Umeniweza. Hata ukiwa kaburini umeniweza, maana kitu pekee ninachokihitaji mwaka huu umekifunga, na ufunguo umeondoka nao.

Ngoja nianze vizuri, usije ukasema sina adabu. Shikamoo. Mama yupo, ila mguu haujapona, kwa hiyo mimi natoka Alhamisi tu, mama mdogo anapokuja kutoka Mwanga ya hapahapa Kigoma kukaa naye. Nimeanza shahada ya pili, ile uliyonisukuma nayo mpaka nikakuchukia. Chuo kiko mbali. Nasomea humuhumu Ujiji, chumbani kwetu, kwa simu. Maktaba ya chuo ipo mtandaoni: naandika ninachotaka, makala zinakuja, nasoma huku nakoroga uji wa Mama. Bila maktaba hiyo, mimi msomi wa wapi? Ningekuwa nimekaa tu naangalia ukuta.

Basi, nikampelekea msimamizi wangu mada yangu, wanawake wanaoanika dagaa Ilagala. Akanijibu kwamba kazi ya maana juu ya hilo ni moja tu, na nisipoisoma hanipitishi. Akanitumia jina la mwandishi. Lako. Hakujua kwamba mwandishi huyo ndiye aliyekuwa akinisuka nywele.

Nikaitafuta. Kichwa cha tasnifu kipo, jina lako lipo, muhtasari upo. Chini yake: nakala kamili imefungwa kwa ombi la mwandishi, bonyeza hapa kumwomba. Nikabonyeza. Ikalia simu yako.

Mama hataki izimwe. Anaichaji, anaiwekea kifurushi, anasema wapo ambao hawajasikia msiba, wakikutafuta wapate wa kuwajibu. Ilipolia akashtuka. "Nani anamtaka mwanangu?" Nikaichukua, nikasoma. Ni mimi, Dada. Jina langu, na chini yake maneno mawili: Kubali, Kataa. Mkono ukagoma. Nikubali kwa niaba yako, na wewe ulifunga kwa makusudi? Nikasema huu ni uchoyo wako uleule wa kuninyima magauni yako.

Alhamisi nikaenda Ilagala kuuliza kama wao wanajua kwa nini uliifunga, na simu yako mkobani. Nikapelekwa kwa Bi Anjelina, mkubwa wa waanikaji. Nilipokutaja hakuniangalia, aliendelea kugeuza dagaa. Akasema walikueleza mambo yao kwa sharti moja, usiyatoe kwa watu kabla hujarudi kuwasomea ulichoandika, maana watafiti wanakuja, wanauliza, wanaandika, hawaonekani tena. Ukaapa. Hukurudi. "Tukajua na yule ni walewale," akasema.

Ilibidi niwaambie, Dada. Kwamba kumbe uliifunga ili uwahi kuja kwao kwanza, na badala ya Ilagala tukakupeleka hospitali, hukutoka mzima. Waliacha kazi wote, wakakaa mchangani. Msiba wako ukaanza upya, mimi ndiye mfiwa, wananipa pole mmoja mmoja. Nililia kuliko siku tuliyokuzika.

Nikawaeleza nilivyonasa. Kuwasomea, sharti nifungue. Kufungua, ni kuvunja kiapo chako. Bi Anjelina akafuta mikono kwenye kanga. "Aliapa kwetu sisi. Sisi ndio tunakwambia, fungua."

Nikabonyeza Kubali kwenye simu yako, tasnifu ikaingia kwenye yangu. Kiingereza kitupu! Walikwambia kwa Kiha, na Kiha changu unakijua, cha kuombea maji ya kunywa. Ikawa nawapa kwa Kiswahili, Bi Anjelina anawarudishia wenzake kwa Kiha. Nikafika pale mama mmoja, hukumtaja jina, anaposimulia mvua ilivyomharibia dagaa wake wote, akawafukia mchangani ili mumewe asijue. Mama aliyekaa pembeni akasema, "Huyo ni mimi. Soma tena."

Nikasoma tena. Hapo ndipo nilipoona ulichokuwa unakilinda, na nikakuomba radhi kwa lile la magauni.

Sharti lao halijabadilika. Niwasomee mpaka mwisho, ndipo wengine wafunguliwe, na mimi niandike. Nami nina Alhamisi tu, na wewe uliandika utadhani unalipwa kwa kurasa. Msimamizi anasema nisipowasilisha muhula huu, mpaka mwakani. Simu yako inaendelea kulia, wanafunzi wa mbali nisiowajua wanakuomba, wamekwama kama mimi, na mimi ndiye nimekaa mlangoni. Tasnifu ninayo mkononi na siwezi kuitumia. Kuna siku nakaa chumbani kwetu nahisi kuta zinanisogelea.

Jana nimemjibu msimamizi kwamba nasubiri mwakani. Amenishangaa. Mwache ashangae.

Haya, pumzika sasa, Dada. Nakuahidi nitawasomea mpaka neno la mwisho, kisha nitabonyeza Kubali kwa kila aliyeomba. Mama ameshaichomeka simu yako kwenye chaji. Ameniuliza kama leo kuna aliyekutafuta. Nimemwambia wapo, nimewaambia wasubiri kidogo.

Mdogo wako,
Asha