Sijambo, Daktari

Kilosa, 4 Mei 2009

Mama yangu,
Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila mjukuu wako Bonifas anaota meno nami silali. Kaka Laurent alipita hapa, kasema siku hizi unavaa ndala zake maana viatu vyako havikuingii, na ukitoka kisimani unapumzika mara tatu. Kwenye simu ya jirani uliniambia u mzima, ndiyo maana naandika. Nasikia zahanati yenu imewekewa kompyuta, kila Jumanne daktari aliye Morogoro anaongea na wagonjwa humo. Nenda, mama.
Mwanao, Marciana

Mikumi, 14 Mei

Mwanangu,
Marahaba. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni wewe na mjukuu. Nilikwenda, nimevaa kitenge cha kanisani. Daktari mwenyewe kijana mdogo, yuko kwenye kioo, akaniamkia vizuri sana. Akauliza hujambo mama, nikasema sijambo. Akauliza naendeleaje, nikasema vizuri, tunamshukuru Mungu. Akafurahi, akamwambia nesi Joha anipe vidonge vya kuongeza damu. Mtu kakusalimu kwa adabu vile, foleni nzima iko mgongoni inasikiliza, utaanzaje kumlilia miguu? Amelelewa yule.
Mama yako

Kilosa, 20 Mei

Mama,
Shikamoo. Nilicheka, halafu nikakasirika, unisamehe. Yule hawezi kukushika mguu. Alicho nacho ni maneno yako tu, na wewe umempa salamu. Jumanne usijibu kitu. Mpe Joha karatasi niliyokunja humu amsomee: "Daktari, mama yangu anasema hajambo kwa heshima. Miguu imevimba, anahema akitembea. Muulize analalaje." Ningekuja mwenyewe, mtoto ana homa. Ila usiponiandikia baada ya Jumanne, nakuja naye na homa yake.
Marciana

Mikumi, 26 Mei

Mwanangu,
Marahaba. Homa ya Bonifas imeshuka? Joha alisoma, foleni ikasogea isikie. Daktari akaomba watu watoke, mlango ufungwe. Akasema, "Mama, salamu tumemaliza. Unalalaje?"

Nikamwambia ambalo hata Laurent hajui. Daktari anahisi ni moyo. Joha ameniandikia barua ya rufaa, Ijumaa nipokelewe hospitali hapo Kilosa. Nitafikia kwako Alhamisi, barua hii anatangulia nayo Laurent. Usinitandikie kitanda. Nitafutie kiti chenye mgongo na mto mmoja. Tangu Pasaka nalala nimekaa.
Mama