Ile Gesi ya Kahawia

Shoga, niko hospitali na mdogo wangu. Yuko hai.

Leo kwenye maabara ya chuo walipasha moto chupa iliyozibwa ya gesi ya kahawia, waone msawazo wa kemikali unavyohama, yaani rangi inavyobadilika kwa joto. Mdogo wangu akapiga hesabu ya presha, akashtuka.

"Mwalimu, chupa itapasuka!"

"Kaa chini, binti."

KAA CHINI, shoga!

Hakukaa. Akawasukuma wenzake nje. Ikapasuka kweli! Halafu akarudi ndani kumvuta mwalimu. Akarudi ndani!

Sasa anacheka, anataka soda. Daktari kamkatalia kuondoka: gesi aliyoivuta inaweza kujaza mapafu maji saa kadhaa baadaye.

Kila akinyamaza namtingisha.

"Dada, niache nilale."

Simwachi, shoga. Naogopa.