Salma, Nilikusemea Uongo

Shoga yangu Salma,

Assalaam alaykum. Ndivyo wanavyosalimiwa walio makaburini, lakini kukusalimu hivyo wewe bado sijazoea.

Kituo chetu cha afya hapa Gando kimepakwa rangi. Nyuma pana chumba cha vijana, na muuguzi wake ni mgeni, hana jamaa hata mmoja kijijini. Angekuwapo siku ile! Sisi muuguzi tuliyemkuta ni Bi Maryam, mama yako mdogo, na benchi zima la wanawake limetugeukia. Akakuuliza, "Mwanangu, waumwa nini?" Ukanitazama mimi. Nikaona haya, Salma. Nikakujibia, "Tumbo tu, Bi. Kala pweza wa jana." Wanawake wakacheka, hata wewe ukacheka na mkono umeushikilia ubavuni. Tukapewa dawa za tumbo, tukarudi.

Siku ya tatu ulikuwa umeshazikwa. Daktari alisema mimba ilitunga nje ya kizazi, lau wangejua mapema wangekupasua ukapona. Mimi nilijua una mimba. Mimi peke yangu. Mama yako mpaka leo hajui kuwa nilijua.

Sasa ni Raya, mdogo wako. Damu ya mwezi inamtoka wiki ya pili, haikatiki. Midomo imemparara, ngazi za skuli zinamshinda. Ni maradhi tu, hana alilolifanya. Lakini kukifikia chumba kile sharti upite mbele ya benchi lile lile, na msichana akiingia tu, basi ana mimba. Yeye zaidi, kwa yale yaliyokupata wewe. Juzi nilimfikisha hadi mlangoni, nikasikia mmoja anasema, "Na huyu naye?" Raya akageuka akaenda zake. Nikabaki nimesimama na kadi yake mkononi.

Mama yako anasema ni mambo ya kike, yatapita. Anaogopa maneno ya watu. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Sina nguvu juu ya mtoto wa mtu, shoga yangu. Nalia tu.

Mwenyezi Mungu akulaze pema. Nakuahidi jambo moja: leo baada ya alasiri nakwenda kwenu, nimwambie mama yako nilichokijua na nilichokisema. Pengine atanifukuza. Na anifukuze, lakini kesho amshike Raya mkono ampeleke mwenyewe.

Asha