Leo Nimekula Mkunga

Shikamoo Bibi, kutoka huku Japani ambako wanakunywa chai bila maziwa!

Mama mwenyeji wangu amenipeleka kwenye mgahawa unaopika samaki wa aina moja tu, mrefu kama nyoka, anapakwa mchuzi mtamu na kuchomwa kwenye mkaa. Nikamwambia, "Mama, kwetu Nyanungu nyoka haliwi." Akatafuta jina la Kiswahili kwenye simu, akanionyesha: mkunga. Nilicheka mpaka machozi. Nikamweleza kwamba mkunga ninayemjua mimi ni bibi yangu, aliyenipokea nilipozaliwa. Maskini, akaweka vijiti chini, akainama kuomba radhi.

Nimemla mpaka mkia, mtamu kweli. Ila tunza mikono yako, Bibi. Nina mimba ya miezi mitatu, na narudi kujifungulia kwako.

Mjukuu wako,
Bhoke