Hatua Kumi Kutoka Jikoni

Jumapili, 8 Juni 2025

Baba mdogo Kahangwa kapiga simu baada ya ibada. Kaka yangu Projestus anauza kibanja cha tata, marehemu baba yetu, kule Kamachumu — nusu ya juu. Nusu yangu! Ukoo haumruhusu mpaka watoto wote wa marehemu tusaini. Yaani yeye na mimi. Nimecheka mpaka jirani akachungulia. Miaka minne nimeisubiri siku hii.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeharibu sketi ya mteja. Mikono kwenye cherehani, kichwa Kamachumu, siku ile ya kumaliza matanga ya tata. Wanaume sebuleni wanamtaja omusika, mrithi wa kibanja. Sisi wanawake jikoni tunamenya ndizi. Namsikia Projestus kabisa: eti tata hakuacha neno lolote kuhusu Alistidia. Mwongo! Tata alinipa nusu ya juu, alimwambia yeye mwenyewe, na mimi nipo pale kando ya kitanda chake. Baba mdogo akauliza kama kuna mwenye neno. Mimi kimya. Kisu mkononi, utomvu mpaka viwikoni. Nikaendelea kumenya.

Leo, kichwani, nimeingia sebuleni mle mara ishirini. Mara natupa kisu mezani. Mara Projestus analia mbele ya wazee — hiyo ndiyo naipenda zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Nimemuuliza Restituta, jirani yangu mwalimu, kwa nini mtu hurudia jambo lililokwisha. Kasema hurudi pale alipokosa jambo kwa kidogo tu. Ningekuwa Mwanza siku ile, ningelaani nikalala. Lakini nilikuwa hatua kumi tu kutoka sebuleni! Halafu kaongeza, taratibu, kwamba huenda namchukia Projestus ili nisijichukie mwenyewe. Ualimu wake akafundishie huko. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu keshaota ndevu. Sisaini.

Ijumaa, 13 Juni

Kumbe Projestus anaumwa. Figo. Asipouza, hakuna operesheni. Nimeona huruma, kama dakika mbili hivi. Mbona mimi nilipofukuzwa na mume, nikaja kubanana na watoto chumba na sebule hapa Rwamishenye, hakuniletea hata mkungu mmoja?

Jumamosi, 14 Juni

Mke wake, Agnetha, yupo sebuleni kwangu. Kaja na karatasi ya kijiji ya kusaini. Kapiga magoti — "Wifi, waitu, nakuomba" — nami nikatazama dirishani. Raha!

Kisha kasema jambo. Kwamba siku ile, baada ya uongo wake, Projestus alinyamaza akisikiliza upande wa jikoni. Alimwambia mkewe baadaye: "Alistidia angefungua mdomo tu, ningempa. Sikusikia kitu, nikajua hataki kibanja."

Mungu wangu.

Uongo. Katumwa huyu. Lazima ni uongo — maana kama ni kweli, miaka minne nimekuwa nikimlaani nani?

Nimekimbilia chumbani na daftari. Agnetha ameomba maji mara mbili. Sasa anauliza kama nina kalamu. Ninayo moja tu humu ndani, ndiyo hii. Siachi kuandika.