Haragwe la Somo la Kwanza

Seminole, Texas
Februari, siku ya upepo

Dada yangu mpendwa Liesbet,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. U hali gani huko Kansas, wewe na shemeji Bernhard, na mtoto ameshaanza kukaa? Sisi miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Vumbi limeingia hadi kwenye unga. Baba bado yuko kiwandani kwenye pamba, anarudi na nywele nyeupe kama babu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani tunaitumia wote, na hili si la wote.

Unayakumbuka yale masomo ya mtandaoni ambayo mama alikufundishia hapa nyumbani, kabla yetu? Mwezi wa tisa wenye masomo hayo walitangaza kwamba kozi za zamani zinaachwa, kila familia ihamie zilizoboreshwa. Mama akatuhamisha, mimi na mdogo wetu Neta. Ukihama unaanza somo la kwanza. Ulikokuwa umefika hakuhesabiwi. Nilinung'unika. Mama akaniambia kwa Kijerumani chetu cha mababu kwamba kuanza upya hakujaua mtu, niache kununa kama mbuzi aliyenyeshewa.

Somo la kwanza la Neta la sayansi ni haragwe. Unaliweka kwenye glasi yenye pamba iliyoloa, unangoja liote. Mama aliigiza haragwe linavyoamka, akajinyoosha na kupiga miayo, mpaka Neta akaanguka kitini kwa kicheko.

Wiki chache baadaye, tukinywa kahawa, mama alitutangazia kwa furaha kwamba kuna kozi mpya na ameshatuhamisha. Tulidhani anatania. Akaleta glasi na pamba, akapiga miayo ileile.

Ikawa hivyo tena, na tena. Baba alipoona glasi zimejaa dirishani alimwuliza mama kama anafungua shamba la pili. Mama akamjibu kwamba angalau la kwake lina maji. Tulicheka wote, tukaendelea kula.

Jumapili moja kwa shangazi Anna, binamu Isaak alimwuliza Neta saba mara nane ni ngapi. Neta akaanza kuhesabu kwa vidole. Isaak akasema ndiyo shule ya jikoni hiyo, mnasomea kwenye sufuria. Neta akamwambia hawajafika huko, bado wako kwenye haragwe. Watu walicheka sana, mama naye akacheka, kisha akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini: haragwe gani?

Njiani baba alisema kama mama amechoka, watoto waende shule ya mjini. Mama alimjibu kwamba siku tutakayopanda lile basi la njano la shule, amchimbie kaburi kabisa. Baba hakulirudia.

Sasa dada, nikuambie ninachoogopa hata kukiandika. Tangu Krismasi si mama anayeturudisha mwanzo. Ni mimi.

Asubuhi moja alisimama ubaoni na chaki, somo la kugawanya, akatutazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akaenda kwenye chumba cha kufulia. Nilimkuta analia, akaniuliza nani amezihamisha namba. Siku hiyo niliingia kwa neno lake la siri, ambalo bado ni jina lako, nikabonyeza kitufe cha kuhamia kozi upya. Kesho yake akafundisha haragwe, na alikuwa mama yule unayemjua, hakukosea hata neno. Tangu hapo, kila akijikwaa, namrudisha pale.

Mimi najisomea mwenyewe. Lakini Neta ana miaka minane na hajui kugawanya. Namwibia yeye nimpe mama, na kumwambia baba nashindwa. Akijua, atatupandisha lile basi. Njoo, dada. Usipige simu. Keti nasi mezani asubuhi moja, uone, halafu umwambie baba wewe.

Jana Neta alinivuta nyuma ya ghala. Akaniambia anajua kwamba mama anasahau, na kwamba siku hizi anajiangusha kitini makusudi, ili mama afurahi. Kisha akaniomba nimwambie, kwa siri, haragwe linafanywa nini katika somo la pili.

Msalimu shemeji, umbusu mtoto kwa ajili yangu. Mama anakusalimu sana. Ameniuliza leo kama umeshamaliza kazi yako ya hesabu.

Mdogo wako akupendaye,
Trudi