Waridi Jeupe la Baba Salma

Baba Salma,

Nakuandikia kutoka chumbani kwetu hapa Ibra. Nimo edani, sina pa kwenda, na hata ningekuwa napo nisingekwenda. Nguo zako Salma kazitoa sadaka. Gari kalichukua ndugu yako wa Mudhaibi. Miwani nimekataa kuitoa. Watu wanakuja, wananiambia nivute subira, nami nawaitikia tu. Subira yenyewe sina, mume wangu. Imekwisha.

Picha yako niliikuta pale pale ulipoiacha, kwenye meza ya dirishani: waridi katika chombo cha kioo. Maji ya chomboni ulikwishayatia rangi, na majani, na kivuli juu ya kitambaa. Lakini ua lenyewe lilikuwa karatasi tupu. Unakumbuka ulivyokuwa ukinifukuza ukichora? "Mama Salma, usinisimamie kichwani, nenda kanipikie kahawa." Nilikuwa nakwenda, na nikirudi na kahawa umeshaosha brashi zako. Miaka yote ile sikuwahi kuona mkono wako ukifanya kazi.

Basi nikasema mauti yamekukuta hujalifikia ua. Iliniuma hiyo kuliko rambirambi zote. Katika sanduku lako la rangi nikakuta tyubu ya rangi nyeupe haijafunguliwa, nikadhani umeiweka kwa ajili ya waridi hili. Eda imenikataza kujipamba, kuchora haijanikataza. Nikakaa kwenye kiti chako, nikalijaza ua lako rangi, polepole. Nilifurahi, Baba Salma. Sijafurahi siku nyingine tangu ulipoondoka.

Jioni akaja Salma, binti yetu na mwanafunzi wako wa kuchora. Akaitazama picha, akakaa chini sakafuni.

"Mama, wallahi ua lilikuwa limeshakwisha," akaniambia. "Baba hatii rangi nyeupe. Weupe wake ni karatasi yenyewe. Hutia rangi pembezoni mwake tu, ua likabaki jeupe."

Ile tyubu ilikuja na sanduku, kumbe. Hukuwa na haja nayo.

Salma anasema akijaribu kuiosha rangi yangu, karatasi itaharibika na kivuli nacho kitakwenda. Nimemwambia aiache. Kaniomba nisilie, kisha akalia yeye.

Siku ya maziko wanaume walikupeleka makaburini, mimi nikabaki ndani na wanawake. Sikukutia hata konzi moja ya udongo. Nililalamika sana moyoni kwa hilo. Sasa ua lako la mwisho nimelifukia mimi, kwa mikono yangu, na nikafurahi nilipokuwa nikilifukia.

Niwie radhi. Mwenyezi Mungu akulaze pema, mume wangu. Siwezi kukuahidi kwamba nitapoa, maana sioni nitapoaje. Nakuahidi picha itatundikwa ukumbini kama ilivyo, na mgeni akilisifu waridi, nitamwambia kwamba lako liko chini yake.

Mkeo